Chumba kimoja tu

Saa moja kasorobo asubuhi simu inalia. Dereva wa tipa. "Bosi, mchanga nimeshamwaga." Umemwaga wapi? "Hapa hapa kwako, getini." Na mimi niko getini kwangu, nimejifunga msuli, mswaki mdomoni, mbele yangu kuna kuku wawili na dimbwi la juzi. Nikageuza shingo polepole. Tripu nzima imelala kwenye geti la mzee jirani. Nilimwelekeza "geti jekundu", na kweli langu lilikuwa jekundu, kabla ya kutu. Ndani ya lile geti yuko mzee mwenyewe, ameshawasha gari, anapiga honi. Ya kwanza fupi, ya heshima. Ya pili haikuwa na heshima.

Dereva keshaondoka. Ana tripu nyingine Chanika.

Sasa jamani, mimi sijengi ghorofa. Naongeza chumba. Kimoja. Futi 10 kwa 12, nyuma ya nyumba, hapa hapa Kivule, kwa sababu mama mkwe alikuja kwa wiki mbili wakati wa Pasaka na sasa ni Novemba, na kijana wangu wa kidato cha pili analala sebuleni, miguu imefika chini ya meza ya televisheni. Nikasema, kuta tatu tu, ya nne si ipo? Bati chache, dirisha, mwezi mmoja tumemaliza. Nikachukua kalamu, mtu mzima, nikaandika bajeti. Ile karatasi nimeificha ndani ya Biblia, kwenye Hesabu, mahali ambapo hakuna mtu hapa nyumbani anafungua.

Kibali nacho. Manispaa wanataka ramani. Ramani ya nyumba yangu ilichorwa kwa kijiti ardhini mwaka 2011, na mvua ya Desemba ile mnaikumbuka.

Haya, fundi. Fundi alikuja Jumamosi "kupiga hesabu". Kaja na kijana wa kumbebea begi, na ndani ya begi mna chaja. Futi kamba hana, kaiacha saiti. Timazi hana, pima maji hana. Akasema hakuna shida, hatua yake moja ni mita. Fundi mwenyewe mfupi, nikisimama naye namwona utosi. Akatembea, moja, mbili, tatu, nne, tano. "Mita tano, bosi." Nikatembea mimi, tatu na nusu. Akaniangalia kwa huruma, akaniambia mimi natembea kama mtu wa ofisini.

Kisha akaenda kwenye ukuta wangu wa nyuma. Akaugonga kwa kidole, akaweka sikio, kama mtu anayechagua tikiti Buguruni. Akachokonoa lipu kwa ukucha. Lipu ikaja yote, na urafiki wake. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama anauliza nani kampiga huyu mtoto: "Nani alikujengea hii?"

Mimi. Mimi ndiye nilisimamia, kila siku, na kofia kichwani, nikitoa amri. Hata koleo nilishika. Lakini nikamwangalia fundi usoni nikasema, "Niliinunua ikiwa hivi hivi."

Dirishani jikoni mke wangu akakohoa.

"Walikuibia," fundi akasema.

"Hata mimi nahisi."

"Huyu aliyesimamia hakuwa na akili kabisa."

"Kabisa," nikasema. Kikohozi kule jikoni kimekuwa cha kulazwa.

Akasogea pale ukuta mpya utakapopita, akapiga mguu chini. Pakalia *duu*. "Hapa chini kuna nini?" Kuna karo. "Nani alichimba karo hapa?" Nikanyamaza. Kila jibu lilikuwa linanirudia mimi. Huwezi kujenga juu ya karo, na ukilizungushia kuta, gari la majitaka litaingizia mpira wapi? Kwa hiyo kabla ya chumba, karo jipya. Kabla ya karo jipya, mti wa mwembe ukatwe. Mwembe alipanda mama mkwe.

Tukaja kwenye tofali. Fundi akachana karatasi kwenye daftari la hesabu la mtoto, upande wenye masahihisho, akaandika: tofali 700. Kijana wangu akatokea sebuleni, ameamshwa na kelele, akaomba kalamu. Kuta tatu, jumla futi 32. Kimo futi 10. Tofali ni nchi 18 kwa 9. Toa dirisha la futi 4 kwa 4, zinabaki 270. Kozi nne za msingi, 85. Jumla 355, na za kuvunjika tuseme 390. Nilijisikia vizuri sana. Ada ya shule kwa mara ya kwanza niliiona ikitembea kwa miguu.

Fundi akatabasamu. "Dogo yuko vizuri. Ila hizo ni tofali za daftarini. Za saiti ni mia saba."

Hizo 310 zinakwenda wapi? Fundi akatazama mbali, upande wa Kitonga. "Bosi, tofali ina mambo yake."

Juzi nimepita kwake kumtafuta, maana simu hapokei. Ana banda la kuku la tofali za nchi 6, zimemwagiliwa zikakomaa, lina lenta na nondo. Kuku wa yule bwana wanaishi kwenye jengo ambalo mimi sijawahi kulilala.

Chakula: siku ya kwanza mafundi walipikiwa maharage, wakasema yanawaletea kiungulia. Mimi nayala tangu mwaka 1983.

Simenti mifuko 12 ipo chumbani kwetu, isiibiwe, isilowe. Tunalala nayo. Mke wangu anaamka na mvi ambazo jana hakuwa nazo, mimi nasema umependeza.

Msingi ulichimbwa Jumatatu. Jumanne ikanyesha. Jumatano vyura. Usiku wanaitikiana kama wana kamati, na mama mkwe anauliza kama hicho ndicho chumba chake.

Hivi kweli mtu unafanya kosa gani? Nililipa kianzio. Nililipa cha kumalizia kianzio. Kuna hela inaitwa "ya vocha ya kukupigia", nimelipa, simu haijapigwa. Toroli langu liko kwa fundi, koleo langu liko kwa fundi, futi kamba niliyonunua kwa ajili ya fundi iko kwa fundi, kitu pekee cha ujenzi kilichobaki hapa ni mimi, na leo nahamisha mchanga kwa ndoo ya kuogea huku mzee wa watu anapiga honi!

Nikawaita watoto wa mtaa wanisaidie. Nikawaambia kila mmoja shilingi mia mbili mchanga ukiisha. Mdogo kuliko wote, meno ya mbele hana, akaweka ndoo chini akaniuliza: "Na kianzio?"

Nikaenda kwa mangi kuvunja elfu kumi. Mangi hana chenji. Hajawahi kuwa na chenji huyu, sijui anafunguaje duka kila asubuhi bila hata sarafu moja, mchana kutwa anapokea hela za watu. Akanipa elfu tisa, ile elfu moja akaniambia nichukue pipi. Ishirini, nikazihesabu mbele yake. Tangawizi. Mtoto gani anakula pipi ya tangawizi?