Askari wa kawaida wa Kongwa tumemsahau

Kila Kongwa, kulikokuwa na kambi za wapiganaji wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, inapotajwa kwenye sherehe za ukombozi, tunasikia majina yaleyale: Samora Machel alikuwa kamanda pale, Chris Hani wa ANC ya Afrika Kusini aliishi pale. Ni kweli, na sisi watu wa Dodoma tunajivunia. Lakini inaniuma kwamba askari wa kawaida, aliyeamka alfajiri akakimbia mchakamchaka kwenye vumbi lile, hatumsemi.

Kambi zilianza mwaka 1964, kwenye ardhi iliyoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 na kufa 1951. FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola walikaa pale kwa ujirani.

Kwa vijana wa FRELIMO, vita ilikuwa ng'ambo ya mto Ruvuma tu. Kijana wa Afrika Kusini je? Wengi wao walifika Kongwa wakiwa wameshafunzwa silaha nchi za nje, wakitegemea kuvushwa upesi. Kati yao na kwao kulikuwa na Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, na Msumbiji, zote mikononi mwa adui. Basi wakasubiri. Gwaride, zamu ya lindo, darasa la siasa, jembe, jikoni, mpira jioni, kesho tena vilevile. Ni hadi mwaka 1967 ndipo wapiganaji wa ANC walipoingia Wankie, huko Rhodesia, pamoja na ZAPU. Kusubiri huko kulizaa manung'uniko na ugomvi na viongozi, na sioni sababu ya kuuficha. Mtu aliyeacha mama yake ili akapigane, ukamweka kambini miaka, atauliza anangoja nini.

Na wenyeji je? Kuna wanawake wa Kongwa waliopendana na wapiganaji hao wakazaa nao. Kisha baba akaitwa mbele, na mama akabaki kulea. Watoto hao sasa ni watu wazima wenye wajukuu, na baba zao wamo katika historia ya mataifa mengine.

Mnara na makumbusho tujenge, sipingi. Ila aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 sasa amepita 80, na mnara unaweza kungoja kuliko yeye. Chuo Kikuu cha Dodoma kina wanafunzi wa historia, na ukiiacha barabara ya Morogoro pale Mbande, Kongwa haiko mbali. Likizo ijayo waende na vinasa sauti, wakae na bibi zetu, wawaulize wapiganaji wale walikula nini, waliimba nini, na nani aliondoka bila kuaga.