Nilichunga Viatu, Nikasahau Mdomo

Binti yangu wa miaka kumi alipochaguliwa kuwa panya kwenye bale ya The Nutcracker, nyumba nzima tulishangilia isipokuwa kitinda mimba wetu. Ana miaka mitano, na alishaamua kwamba bale ni watu kusimama kwa vidole vya miguu bila kusema wamekosa nini.

"Wataongea saa ngapi?" aliniuliza.

"Hawaongei, baba. Wanacheza tu."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akanitazama kwa huruma, kama jirani aliyeuziwa kiwanja hewa.

Nikajaribu historia. Muziki wa The Nutcracker ulitungwa na Mrusi, Tchaikovsky, na bale yenyewe ilichezwa mara ya kwanza Saint Petersburg mwaka 1892. Akauliza kama nilikuwepo. Nikamwonyesha video kwenye simu. Akauliza mbona yule mjomba amevaa taitsi za mama. Nikamweleza kwamba ni kisa cha msichana, Clara, aliyepewa zawadi ya Krismasi: mwanasesere wa mbao wa kuvunjia njugu ngumu. Akasema nyanya yake wa Murang'a huvunja makadamia kwa jiwe na hakuna anayelipa kiingilio kumtazama. Hapo, kusema kweli, sikuwa na jibu.

Kilichoniokoa ni panya. Nilimwambia kwamba usiku wa manane saa inagonga, panya wanavamia sebule, askari wa kuchezea wanapigana nao, na vita vikimwelemea mwanasesere, Clara anavua kiatu na kumtupia Mfalme wa Panya.

Akaketi wima. "Kiatu?"

"Kiatu."

"Na mama yake hamchapi?"

Wiki nzima patipati zikapaa kwetu. Baba yake alipigwa moja ya sikio katikati ya taarifa ya habari. Dada yake, ambaye ndiye panya mwenyewe, akahamishia mazoezi chumbani na kufunga mlango kwa komeo.

Mimi si mjinga. Siku ilipofika, tukiwa kwenye foleni pale Kenya National Theatre, barabara ya Harry Thuku, nilimfunga kamba za viatu mafundo matatu. Ndani nikamshika miguu yote miwili, kama mtu anayempeleka kuku sokoni. Ile karamu ya Krismasi ya mwanzo aliivumilia akitafuna njugu karanga. Sikumkataza, kisa chenyewe si ni cha njugu?

Saa ikagonga. Taa zikafifia. Panya wakaingia wakinyata, na wa tatu kutoka mwisho alikuwa wangu. Nilimjua kwa mkia, maana niliushona mimi. Machozi yakanilenga, nikaachia mguu mmoja nitafute kitambaa.

Mtoto akapanda juu ya kiti, akakusanya viganja mdomoni, na kwa sauti ile ile ya muuzaji anayepita mtaani kwetu kila Jumamosi na kipaza sauti chake, akaita:

"Dawa ya panya! Mende! Kunguni! Viroboto! Anakula hapa, anafia nje!"

Ukumbi ukanyamaza. Kisha mzee mmoja safu ya nyuma akauliza kwa upole, "Ni pesa ngapi?"

"Hamsini! Tatu, mia!"

Sijui watu walicheka kwa muda gani, nilikuwa chini ya kiti. Nilipoinua kichwa, panya wote walikuwa wakipigana kishujaa isipokuwa mmoja. Wa tatu kutoka mwisho alikuwa amelala chali, mkia umetulia kabisa, na Clara bado hajavua kiatu.

Sehemu ya pili ni ya nchi ya peremende. Aliisubiri kwa heshima zote, viganja wazi, hadi pazia likafungwa na hakuna aliyegawa.

Kwenye gari binti yangu hakutamka neno hadi tulipofika Thika Road.

"Nilifika kwenye 'kunguni' nikacheka, magoti yakakataa," akasema hatimaye. "Nikaona bora nife tu. Mwalimu anasema hakuna aliyekufa vizuri kama mimi."

"Ni dawa," akasema mdogo wake, macho yamefumba.