Gado na tufe la chuma mguuni mwa Uhuru

Februari 2016, mchora katuni Godfrey Mwampembwa, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Gado, aliachana na Nation Media Group baada ya mkataba wake kutohuishwa. Alikuwa akiichorea Daily Nation, gazeti la kampuni hiyo ya Kenya, tangu 1992, alipoacha masomo ya usanifu majengo Chuo cha Ardhi, Dar es Salaam, akahamia Nairobi. Mei mwaka huohuo alikuwa Geneva akipokea tuzo ya kimataifa ya wachora katuni, pamoja na Zunar wa Malaysia. Ya Prince Claus ya Uholanzi alishaipata 2007.

Ni rahisi kusema wageni walimtuza na wenyeji wakamtimua, yakaisha. Lakini tuzitazame katuni zenyewe.

Wakati wa kesi za ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Gado alimchora Uhuru Kenyatta, rais wa Kenya wakati huo, akiburuta tufe la chuma lililofungwa kwa mnyororo mguuni. Akatoka hivyo tena na tena, hata msomaji akawa analitafuta tufe kabla ya kusoma maneno. Waliochukia wana hoja, nami siibezi. Tufe lile ni alama ya mfungwa, na Uhuru alikuwa mshtakiwa tu. Desemba 2014 mashtaka yakaondolewa. Ila mzigo wa kesi ulikuwepo kweli: rais wa nchi alikuwa akipanda ndege kwenda The Hague, iliko mahakama hiyo. Hapo nampa Gado haki, japo kwa shingo upande kidogo.

Kwa Jakaya Kikwete, aliyekuwa rais wa Tanzania, ugomvi ulikuwa wa namna nyingine. Januari 2015 The East African, gazeti la kampuni ileile, lilichapa katuni yake iliyomdhihaki rais huyo, na muda si mrefu gazeti likapigwa marufuku Tanzania. Serikali ilisema kosa ni kutosajiliwa. Sheria ilikuwepo, sawa; lakini gazeti hilo lilikuwa likiuzwa Dar kwa miaka mingi bila kusajiliwa, na hakuna aliyeshtuka.

Watu wengi niliozungumza nao kuhusu katuni ile walilalamikia heshima: rais ni mtu mzima, hachorwi vile. Wengine hutetea kwa kusema huo ni utani tu, na sisi ni watu wa utani. Utetezi huo haunikai sawa. Mtani anaweza kukudhihaki msibani hata ukiwa na machozi, lakini kesho nawe unamlipa kwenye msiba wake. Rais hana kalamu ya kumchora Gado. Ana msajili wa magazeti, ana matangazo ya serikali ambayo gazeti huyategemea kulipa mishahara. Kwa hiyo katuni ya kisiasa si utani, ni kijembe, na kijembe hakiombi radhi.

Kuhusu kampuni, Gado amesema hadharani kwamba aliponzwa na shinikizo la wakubwa. Mwajiri alishikilia kwamba mkataba uliisha tu. Mkataba kweli huisha. Ila mwaka uliotangulia alikuwa ameshapelekwa likizo ndefu, na gazeti halimpumzishi mchoraji ambaye wasomaji humfungua kabla ya tahariri kwa sababu eti kachoka. Baadaye alihamia The Standard, washindani wao, na viongozi wakaendelea kuchorwa.