Mbegu ya Miaka 10, Mwanafunzi wa Miaka 2

Utafiti wa kilimo Tanzania una nyumba mbili. Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro, kinafundisha na kutafiti. TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inatafiti tu, kupitia vituo kama Naliendele (korosho), Ukiriguru (pamba) na Uyole. Je, ziunganishwe?

Wanaotaka muungano wana hoja nzito. Kituo kisicho na wanafunzi huzeeka: mtafiti akistaafu na kibali cha kuajiri kikachelewa, ujuzi wa miaka 30 unaondoka naye. Vifaa vya maabara navyo hununuliwa mara mbili. Tena chuo kinaweza kutoa mbegu. Maharage ya SUA 90 na Rojo yalizaliwa Morogoro.

Lakini tazama muda. Mahindi chotara huanza kwa kuchagua wazazi, kisha kuchavusha kila mstari (ukoo wa mimea) kwa chavua yake wenyewe, kizazi baada ya kizazi, hadi utulie. Hufuata kupandanisha mistari, kujaribu chotara katika kanda tofauti, halafu vipimo vya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, vya utofauti, ufanano na kutobadilika. Kwa kawaida ni miaka 8 hadi 10. Mwanafunzi wa uzamili ana miaka 2, na mhadhiri hupanda cheo zaidi kwa makala. Mwanafunzi akihitimu katikati ya safari, vibao vya shambani hung'oka, daftari huishia kabatini, na mstari usiojulikana wazazi wake ni wa kutupa. Mkorosho ni mgumu zaidi: huchukua kama miaka 3 kuanza kuzaa, na ustahimilivu wake kwa ubwiriunga haupimwi kwa msimu mmoja, kwa kuwa ukali wa ugonjwa hutofautiana mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo naona TARI ibaki yenyewe. Tumeshavunja vya kutosha: TARO, shirika la awali la utafiti wa kilimo, iliundwa 1980, ikafutwa 1989, vituo vikarudi wizarani, kisha 2016 tukaanza upya.

Kinachokosekana ni tasnifu kuingizwa ndani ya majaribio marefu ya vituo. Mwaka huu mwanafunzi mmoja apime ukame, mwakani mwingine apime ubora wa punje, wakisimamiwa na mhadhiri pamoja na mtafiti, huku shamba na daftari vikibaki mali ya kituo. Na aina ya mbegu iliyoidhinishwa ihesabiwe kwenye kupandisha vyeo sawa na makala kadhaa. Isipohesabiwa, mhadhiri wa Morogoro atabaki na majaribio mafupi ya karibu, na Naliendele itaendelea kusubiri vijana.