Seli za pituitari zitajwe kwa ukoo kwanza, homoni baadaye

Mwanafunzi akiulizwa kuhusu sehemu ya mbele ya tezi ya pituitari, ile tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, hutaja aina tano za seli bila kusita: za homoni ya ukuaji, za prolaktini (ya maziwa ya mama), za TSH (inayoamsha tezi ya thairoidi), za ACTH (inayoamsha tezi za adrenali zitoe kortisoli), na za LH na FSH (zinazoongoza ovari na korodani). Orodha hiyo ni rahisi kukariri, lakini humfanya mtu aamini kwamba kila seli ilizaliwa na homoni yake na itakufa nayo. Hata yenyewe haisimami sawasawa, maana aina ya tano hutoa homoni mbili, na zipo seli zinazotoa homoni ya ukuaji na prolaktini kwa pamoja.

Mambo yanaeleweka zaidi tukianzia kwenye kiinitete. Karibu na wiki ya nne ya mimba, paa la kinywa hujikunja kwenda juu na kufanya mfuko mdogo unaoitwa mfuko wa Rathke, huku sakafu ya ubongo ikishuka kuupokea. Kipande kinachotoka kwenye ubongo huwa sehemu ya nyuma ya tezi. Mfuko huwa sehemu ya mbele. Kugusana kwao si jambo dogo. Sakafu ya ubongo hutoa protini za ishara, BMP4 na jamii ya FGF, na mfuko usipozipata hudumaa. Ukizipata, jeni kama LHX3 na LHX4 huwashwa, na seli huanza kugawana njia.

Njia ni tatu, kila moja ikiongozwa na protini inayowasha jeni za ukoo wake. PIT1 huzaa seli za homoni ya ukuaji, prolaktini na TSH. TPIT huzaa seli za ACTH. SF1 huongoza seli za LH na FSH. Kabla ya PIT1 kuwaka, protini nyingine ya aina hiyo, PROP1, lazima ifanye kazi yake.

Ramani hii hueleza wagonjwa kuliko ile orodha. Jeni ya PIT1 ikiharibika, mtoto hukosa homoni tatu kwa mpigo, kwa kuwa ni ndugu wa nyumba moja. TPIT ikiharibika, ni ACTH peke yake inayokosekana: mtoto mchanga hushuka sukari na manjano yake hukawia kuisha. Hitilafu ya PROP1 ndiyo ya kuangaliwa sana. Hutangulia kupungua homoni ya ukuaji na TSH, LH na FSH hufuata, halafu ACTH yaweza kupotea miaka mingi baadaye, hata ukubwani. Kipimo kizuri cha kortisoli ya asubuhi utotoni hakimpi mgonjwa huyu kinga ya maisha. Kirudiwe mara kwa mara. Na pale thairoksini (homoni ya tezi ya thairoidi) na kortisoli zote zimepungua, kortisoli irudishwe kwanza. Thairoksini huharakisha kuvunjwa kwa kortisoli, kwa hiyo ukiitanguliza unaweza kumtumbukiza mgonjwa kwenye shoki.

Ukoo nao hausemi yote. Protini ya POMC hukatwa na kimeng'enya PC1 kwenye seli za ACTH, na hapo ACTH hupatikana. Kwenye seli za sehemu ya kati, ambayo kwa wanyama wengi ni kubwa kuliko kwa binadamu, PC2 huendelea kuikata hadi itoke homoni inayotia ngozi rangi. Jeni ni ileile, mkasi ndio tofauti. Seli za LH na FSH zenyewe husikiliza mdundo: GnRH, homoni ya ubongo inayoziamuru, ikija kwa pigo moja kila saa, LH hupendelewa, mapigo yakichelewa hadi saa tatu au nne, FSH hupata nafasi. Ikimiminwa mfululizo bila kupumzika, zote mbili huzimika. Ndiyo maana dawa zinazofanana na GnRH huweza kusimamisha balehe iliyowahi mno. Wakati wa ujauzito estrojeni huongeza seli za prolaktini hadi tezi nzima inavimba, kisha hurudi nyuma taratibu.

Kwenye uvimbe wa tezi hii ndiko mazoea ya zamani yalikopotosha zaidi. Kwa miaka mingi kipande cha uvimbe kilichopakwa rangi za kutambua homoni na kukosa zote kiliitwa cha seli tupu. Vilipopimwa SF1, vingi vilionekana kuwa vya ukoo wa LH na FSH, vimekaa kimya tu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilihamisha uainishaji kwenye ukoo, na kwa maoni yangu lilichelewa. Maabara yenye uwezo mdogo ingeanza na vipimo vitatu, yaani PIT1, TPIT na SF1, kisha ipime homoni za ukoo uliojitokeza tu. TPIT ikiwaka kwa mgonjwa asiye na dalili za kortisoli nyingi, usimwachilie mapema: uvimbe wa ACTH ulio kimya una sifa ya kurudi. PIT1 ikiwaka, bado hujamaliza, kwa sababu uvimbe wa prolaktini kwa kawaida huanza kutibiwa kwa vidonge vya kabergolini, ilhali wa homoni ya ukuaji mara nyingi huanzia kwa daktari wa upasuaji.