Si Kila Presha Huletwa na Mawazo

Kwenye baraza za Mji wa Kale hapa Mombasa, mtu akianguka ghafla, chanzo kinajulikana kabla daktari hajafika: alikuwa na mawazo. Akiweka mambo moyoni. Na aliyevuka miaka themanini husifiwa kwa hoja hiyo hiyo iliyopinduliwa: mzee yule hajali kitu, kila neno kwake ni kicheko. Kwa hesabu hiyo, afya ni zao la hulka, na mwenye wasiwasi amejitakia presha.

Baraza halikulitoa wazo hilo hewani. Mwaka 1959 madaktari wawili wa moyo wa San Francisco, Meyer Friedman na Ray Rosenman, walimweleza mtu wa pupa na mashindano, asiyeweza kusubiri, wakamwita mtu wa aina A. Walipowafuatilia wanaume zaidi ya 3,000, waliona wa aina hiyo wakipata maradhi ya moyo takriban mara mbili ya wenzao. Wazo likavuma dunia nzima. Kisha likaanza kupwaya. Mwaka 1988 ilichapishwa habari kwamba, miongoni mwa wanaume hao hao waliokwisha kuugua moyo, wa aina A ndio waliokufa kwa uchache. Ikajulikana pia kuwa kampuni za sigara zilikuwa zikiufadhili sana utafiti wa namna hii, na mtu hahitaji kuwa mpelelezi kujua sababu: moyo ukilaumiwa kwa hulka ya mwenyewe, sigara inapona. Kilichosalimika katika nadharia ile ni hasira na uhasama wa kudumu, ambao bado unahusishwa na maradhi ya moyo.

Upande wa baraza una ushahidi ulio bora zaidi, na haifai kuuficha. Huko Pittsburgh, Marekani, mwanasaikolojia Sheldon Cohen na wenzake waliwatia watu 334 virusi vya mafua puani, wakasubiri. Waliokuwa na kawaida ya furaha na utulivu waliugua kwa uchache kuliko wenzao. Halafu kuna suala la kuwa na watu. Uchambuzi wa mwaka 2010 uliokusanya tafiti 148, zenye watu zaidi ya 300,000, ulikuta kwamba wenye mahusiano imara walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai, kwa takriban asilimia 50. Kwa hiyo kahawa chungu ya jioni huenda kweli inamfaa mzee wetu. Ila kinachomfaa ni kule kuwa na watu wa kumuulizia asipoonekana siku mbili. Utani ni ziada.

Sasa tumtazame mwenye wasiwasi, yule anayechekwa. Mwaka 1921 mwanasaikolojia Lewis Terman alianza kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,500 wenye akili nyingi huko California. Wazazi na walimu waliwapima tabia wakiwa na umri wa miaka kama kumi na mmoja. Miongo saba baadaye, Howard Friedman (si yule wa moyo) na wenzake walipekua vyeti vya vifo, na mwaka 1993 wakatoa jibu ambalo mimi bado linanikaa kichwani. Watoto waliotajwa kuwa waangalifu, wenye kujipanga na kumaliza walichoanza, waliishi muda mrefu zaidi. Wachangamfu na wenye mzaha walitangulia kufa.

Tuitafakari hiyo, maana inaumbua mawaidha mengi. Sehemu ya sababu ni nyepesi: mwangalifu havuti sana, halewi sana, hajitii hatarini, na mchangamfu aliyezoea kuona kila jambo litakwenda sawa hupuuza dalili. Lakini watafiti walipoziondoa tabia hizo kwenye hesabu, tofauti haikuisha. Ni kweli walikuwa watoto wa nchi moja na zama moja, wengi wao weupe wa tabaka la kati, na sidai kwamba Kibokoni, mtaa wetu wa Mji wa Kale, ni California. Hata hivyo tafiti za baadaye, katika nchi nyingine, zimeendelea kuuona uhusiano wa uangalifu na umri mrefu. Mzaha haukupata watetezi kama hao.

Furaha nayo ilitiwa mizani Uingereza. Mwaka 2015 jarida la tiba la Lancet lilichapisha matokeo ya wanawake zaidi ya 700,000. Wasio na furaha walikufa zaidi, ndiyo, mpaka pale ilipozingatiwa hali ya afya waliyoanza nayo. Hapo tofauti ikatoweka. Ugonjwa ndio uliowaondolea furaha, na watu wakasoma kinyume.

Hapa kwetu kosa hilo lina gharama. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya Wakenya wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima wote hawajawahi kupimwa. Presha kwa kawaida haiumi. Anayeamini kwamba huletwa na mawazo atajipima kwa hisia zake: leo nina raha, kidonge cha nini? Bi mkubwa mwenye daftari la vipimo, anayekwenda kwa daktari mwezi wa Shaabani kuuliza dawa azipange vipi kati ya daku na futari, anaambiwa na wanawe, "Mama, wajipa presha bure." Wasiwasi wake huo ndio unaompeleka kupimwa, nami naona anastahili heshima kuliko anayopewa.

Linalonisumbua katika hoja yangu mwenyewe ni utafiti uitwao Whitehall. Kuanzia 1967 watumishi wa serikali wapatao 18,000 wa London, wote wanaume, walifuatiliwa, na mtafiti Michael Marmot akaonyesha kwamba kadiri cheo kilivyoshuka ndivyo vifo vilivyozidi, na sigara na presha hazikutosha kueleza pengo lote. Kujipanga kunahitaji siku inayopangika. Hamali wa soko la Kongowea hajui usiku atakaporudi, na asubuhi moja ya foleni ya kliniki ni ujira wa siku umekwenda. Huyo hata akiwa na hulka ya bi mkubwa, daftari lake litakuwa na kurasa tupu. Kliniki ya kupima presha inayofunguliwa jioni, akishatua magunia, ingemfaa kuliko kuambiwa acheke, na kuliko haya yangu ya kujipanga.