Faili Langu la Mwaka 2100 Lilivyozeeka Usiku Mmoja

Folda yangu ya kazi ni jalala. Ndani ya jalala hilo kulikuwa na faili moja tu la maana, MUHIMU_USIFUTE.txt, orodha ya kila nilichohifadhi na mahali nilipokihifadhi. Kila nikilihitaji, nalisaka kama sindano.

Siku moja nikajiona mjanja. Folda naipanga kwa tarehe, mapya juu. Sasa nikilipa faili langu tarehe ambayo hakuna jingine litakaloifikia? Nikaandika amri ya touch, ile inayobadilisha tarehe ya faili, nikalibandika 1 Januari 2100. Likapanda juu, likatulia kama bwana harusi. Kero ilikuwa moja: kila nikiongeza mstari na kuhifadhi, linageuka la leo na kuzama tena jalalani, nami nalirudisha 2100 kwa mkono. Nilifanya hivyo miezi kadhaa bila kujiuliza kama nina akili timamu.

Ikafika siku ya kuisafisha laptopu na kuanza upya. Nikahamishia kila kitu kwenye kompyuta kuukuu niliyoifanya ghala, yenye mfumo endeshi wa Linux ya zamani na diski iliyopangwa kwa ext3, mtindo wa kale wa kuhifadhi mafaili. Nikakagua: 2100, juu kabisa. Basi nikaiparua laptopu yote, nikazima ghala, nikaenda kulala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Asubuhi nawasha, faili halipo.

Nikampigia rafiki yangu ambaye mambo haya ndiyo mkate wake. Akaniuliza kama kuna kitu kinachofuta. Kumbe kipo, na nilikiandika mwenyewe: skripti ya usafi inayofagia, kila mashine inapowaka, mafaili yasiyoguswa kwa miaka mitano. Tukafungua kumbukumbu zake. Mstari wa mwisho: MUHIMU_USIFUTE.txt, 25 Novemba 1963, saa 17:31:44. Limefutwa.

Kimya kidogo. "Kaka, hili faili ulirithi kwa babu? 1963 hata Unix, mzazi wa hizi Linux, haijazaliwa."

Nikaapa kwamba jana lilikuwa la 2100, nimeliona kwa macho yangu.

"Jana ulionyeshwa kilichokuwa bado kwenye memori. Leo ndiyo umesoma kilichoandikwa kwenye diski."

Hapo akanipa darasa. Ext3 huandika tarehe kama idadi ya sekunde tangu 1 Januari 1970, kwa biti 32 (tarakimu za 0 na 1), na biti moja kati ya hizo imeliwa na alama ya hasi. Kikomo ni sekunde 2,147,483,647, ambayo ni 19 Januari 2038, saa tisa na dakika 14 usiku kwa saa za UTC. Ongeza sekunde moja tu, hesabu inageuka hasi, unatua Desemba 1901. Mwaka 2100 unaanza kwenye sekunde 4,102,444,800. Ondoa mzunguko mzima wa biti 32, yaani 4,294,967,296, unabaki na hasi 192,522,496: miaka sita na ushee kabla ya 1970. Linux za siku hizi zingelibana libaki 2038, lakini yangu ilikuwa ya kale, ikakata kilichozidi bila hata kukohoa.

"Na mbona laptopu haikulalamika?"

"Ile ni ext4, mrithi wa ext3, inafika 2446."

Nikauliza, kwa unyonge, ingekuwaje kama ningeliweka kwenye flashi ya FAT, mtindo mwingine wa kuhifadhi mafaili. Akasema FAT inaanza 1980 na inafika 2107. Yaani flashi niliyopewa bure ingelitunza vizuri kuliko ghala langu!

Picha za skrini nilizopiga kwa bahati mbaya, nyingine za kidole changu kikigusa kitufe kisicho chake, zote zilikuwa hai. Zilikuwa na tarehe za juzi, skripti ikaziheshimu.

Orodha nimeiandika upya kwa kukumbuka, safari hii jina lake linaanza na 00 na folda inapangwa kwa majina. Rafiki yangu hadi leo akinipigia hanisalimii kirika tena. Anaanza na "Shikamoo, mzee wa 1963," nami sina la kufanya, naitikia marahaba.